Kanzidata inasema "utf8", mbona ng'ombe wangu ana sura tatu? Mnapimaje herufi kabla ya kuhamisha data?

#1 Mkama_Data
Wakuu, habari za jioni.

Natunza data za chama cha wafugaji wa maziwa. Kanzidata ni MySQL 5.7, nimeirithi kwa fundi aliyeondoka bila kuacha hata kikaratasi. Kila jedwali limeandikwa CHARSET=utf8, yaani namna ya kugeuza herufi kuwa baiti, nikajua hapo nimelala salama. Juzi katibu kaniomba rekodi zote zenye neno ng'ombe kwenye safu ya maelezo. Natafuta, zinakuja pungufu. Naingia kuangalia kwa macho, nakutana na hawa:

ng'ombe
ng’ombe
ngâ€™ombe

Mnyama mmoja, sura tatu. Si hivyo tu, maelezo ya wafugaji wanaopenda emoji yamekatwa shingo. Mzee mmoja aliandika "Maziwa leo yamepungua", akaweka uso unaolia, halafu akaeleza dalili za ugonjwa aya nzima. Kwenye jedwali yamebaki maneno yale matatu. Daktari wa mifugo hakuona kingine.

Nataka kuhamia MySQL 8 au PostgreSQL, ila safari hii nipime kwanza nisije nikahamisha uchafu nyumba mpya. Ninyi mnapimaje kwamba kanzidata inabeba herufi zote kweli? Msiniambie "weka utf8". Imeshawekwa.

#2 Kijiti_Postgres
Hamia PostgreSQL, uzi ufungwe. Kule UTF8 ni UTF8 kweli, mpaka baiti nne. Kwisha habari.

#3 BaitiMojaMoja
Mkama, usiamini macho, na usiamini jina lililobandikwa kwenye jedwali. Hiyo "utf8" ya MySQL ni jina jingine la utf8mb3: herufi moja mwisho baiti tatu. Kiswahili cha kawaida kinakula baiti moja kwa herufi, Kiarabu mbili, alama ya yuro tatu, zote zinapita bila kelele. Emoji ndiyo inataka nne. Ndiyo maana mtu anakaa miaka mitano hajui kama ana tatizo. Yenye baiti nne inaitwa utf8mb4, iliingia toleo 5.5.3 mwaka 2010, ikaja kuwa chaguo-msingi kwenye 8.0 mwaka 2018. Kabla ya hapo chaguo-msingi lilikuwa latin1 (seti ya herufi za Ulaya Magharibi) na kolesheni (kanuni za kupanga na kulinganisha herufi) ya latin1_swedish_ci, maana kampuni ilizaliwa Uswidi. Nimeshakuta orodha ya wanafunzi wa Iringa imepangwa kwa kanuni za Kiswidi na hakuna aliyejua.

Ila kuna kitu kwenye maelezo yako hakiniingii. 5.7 kwa kawaida huja na hali kali, ile sql_mode inayokataa data isiyofaa. Emoji ikigonga safu ya utf8 inakataliwa mchana kweupe, kosa 1366, `Incorrect string value: '\xF0\x9F\x98\xA2'`. Haikati kimyakimya. Kwako inakata, kwa hiyo kuna mtu kazima kitu. Tupe hivi:

`SELECT @@GLOBAL.sql_mode;`
`SHOW VARIABLES LIKE 'character_set%';`

na HEX(), yaani baiti halisi, ya kila sura ya huyo ng'ombe.

#4 Wa_Thika
Hii stori ni yetu pia. Kuna mahali nilifanya kazi, safu ya majina ilikuwa latin1. Majina ya Kikuyu yenye ũ na ĩ hayamo kabisa kwenye latin1, kwa hivyo Wanjikũ akawa Wanjik?, Mũthoni akawa M?thoni. Ukipiga HEX unapata 3F, yaani alama ya kuuliza halisi. Herufi ishakufa, hakuna daktari. Ilibidi turudi kwa fomu za karatasi, jina kwa jina, wiki tatu.

Mkama ana bahati. Yule ngâ€™ombe ni mgonjwa tu, anatibika.

#5 Hamisi_wa_Jikoni
Naweka kambi hapa. Sijaelewa kitu ila uzi unanoga.

#6 Mkama_Data
Asanteni. sql_mode imerudi tupu kabisa, hakuna neno hata moja. Nimefungua faili ya mipangilio, my.cnf, nikaona `sql_mode=""` na juu yake maoni ya fundi: "usiguse". character_set_client, connection na results zote ni utf8. HEX:

ng'ombe → 6E67276F6D6265
ng’ombe → 6E67E280996F6D6265
ngâ€™ombe → 6E67C3A2E282ACE284A26F6D6265

#7 Nyundo
BaitiMojaMoja, nakurekebisha kidogo. SHOW VARIABLES inamwonyesha Mkama muunganisho wake yeye aliyekaa kwenye skrini nyeusi. Programu ya wafugaji ina muunganisho wake, na huo ndio unaoharibu. Kwenye 5.7 mwambie aangalie `performance_schema.variables_by_thread` programu ikiwa hewani. Nabeti ataona latin1.

#8 BaitiMojaMoja
Nyundo, hapo umenipata, nakubali.

Sasa tusome baiti. 27 ni alama ya mkato ya juu iliyonyooka, ile ya kibodi. E28099 ni ile iliyopinda, baiti tatu, halali kabisa, na utf8mb3 inaibeba bila shida. Yaani sura ya pili HAIJAHARIBIKA. Ni herufi nyingine tu, na kanzidata ina haki ya kusema hazilingani. `SELECT 'ng''ombe' = 'ng’ombe'` inarudisha 0, na hata ukienda utf8mb4 bado ni 0. Kuhama hakukusaidii hapo.

Ya tatu ndiyo yenye kidonda. Programu ilituma E2 80 99 ikasema "hii ni latin1". Seva ikaamini, ikaona herufi tatu: â, €, ™. Ikazigeuza kila moja kuwa UTF-8: C3A2, E282AC, E284A2. Baiti tatu zikawa nane. Mtauliza € na ™ zinatoka wapi wakati latin1 ya vitabuni haina. Ni kwa sababu latin1 ya MySQL kwa undani wake ni cp1252 ya Windows. Ndani ya programu hii kila jina lina jina jingine.

Dawa:

`CONVERT(CAST(CONVERT(maelezo USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4)`

Ila kwa safu zenye ugonjwa TU. Ukimpa dawa hii yule aliye mzima, ’ inageuka 92 ya cp1252, na 92 ikiwa peke yake si UTF-8 halali. Utapata NULL au kosa. Chuja kwanza kwa `HEX(maelezo) LIKE '%C3A2E282ACE284A2%'`, nakili jedwali, kisha jaribu kwenye nakala.

#9 Karani_Mstaafu
Mbona wote mmekimbilia muunganisho? Mimi nasema ni Excel. Nimefanya ukarani miaka mingi. Unatoa faili ya CSV, UTF-8 safi. Mtu anaifungua kwa kubofya mara mbili, Excel haioni zile baiti tatu za mwanzo EF BB BF (BOM, alama ya UTF-8), inadhani ni cp1252, inachora ngâ€™ombe. Yule mtu anarekebisha namba ya simu moja, anahifadhi kwa chaguo la "CSV UTF-8", anapandisha tena. Baiti zitakuwa zilezile nane. Mkama, hakuna karani anayepandisha faili?

#10 Mkama_Data
Yupo. Kila Ijumaa.

#11 Nyundo
Basi kwa baiti peke yake huwezi kujua ni nani kati ya hao wawili. Angalia tarehe za rekodi. Zikiwa za Ijumaa ni karani, zikiwa zimesambaa ni programu.

#12 Karani_Mstaafu
Na ukimwekea karani BOM ili Excel itulie, jiandae na kesi nyingine: safu ya kwanza haitaitwa tena "namba", itaitwa "[kitu kisichoonekana]namba", na programu itakwambia safu ya namba haipo wakati unaiona kwa macho yako mawili. Siku nzima ilinipotea hapo.

#13 Dada_Kibodi
Mimi nina swali la kizamani. Hiyo ’ iliyopinda inatoka wapi? Mfugaji hawezi kuitafuta kwa makusudi.

#14 Wa_Thika
Simu za Apple. Tangu iOS 11, mwaka 2017, kibodi yao inapinda alama zenyewe usipoizima. Na Word inafanya vivyo hivyo tangu tukiwa watoto.

#15 Mkama_Data
Wafugaji wangu wenye iPhone nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na maafisa ugani hawatumii Word kwenye simu.

#16 Dada_Kibodi
Wanakopi. Afisa mmoja anaandika mfano kwenye Word, anautuma kwenye kundi, wote wanaubandika. Nimeona ripoti za vijiji vinne zenye kosa moja la tahajia mahali palepale.

#17 Mzigo_wa_SMS
Mkiwa hapohapo kwenye ’, mnajua inawala hela? SMS ya kawaida ni herufi 160 kwa usimbaji wa GSM wa biti 7. Seti hiyo ina ' iliyonyooka lakini haina ’. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima unageuzwa UCS-2 (biti 16 kwa herufi), na kikomo kinashuka hadi 70. Kuna siku nilituma tangazo la chanjo lenye herufi 150, nikalipia ujumbe mara tatu kwa kila mtu. Neno lenyewe? "Ng’ombe".

#18 Hamisi_wa_Jikoni
😂😂 Huyu ng'ombe ana gharama kuliko wa maziwa.

#19 Kijiti_Postgres
Bado nasimama palepale. PostgreSQL ingekataa mapema. Ukiwa na baiti mbovu inakwambia `invalid byte sequence for encoding "UTF8"` na mchezo unaishia hapo. MySQL ndiyo inayokubali halafu inakusengenya.

#20 Nyundo
Kijiti, polepole. Baiti nane za Mkama ni UTF-8 halali kabisa. Postgres ingezipokea kwa tabasamu. Inakataa baiti mbovu; maana iliyopotea haina habari nayo. Ukiweka client_encoding ya LATIN1 au WIN1252 halafu ukatuma UTF-8, inakugeuzia vilevile kama MySQL.

Halafu kuna SQL_ASCII. Nilikabidhiwa Postgres moja iliyoundwa kwenye seva isiyo na lugha iliyowekwa. Jina linakudanganya kwamba ni ASCII (herufi za Kiingereza tu), kumbe maana yake ni "sikagui, leta chochote". Ndani mlikuwa na UTF-8, cp1252 na vitu nisivyovijua, safu moja. Mkama, siku ukifika huko kitu cha kwanza ni `SHOW server_encoding;`. Ukiona SQL_ASCII, geuza ukalale.

#21 Mlinzi_wa_Indeksi
Nyundo amesahau kubwa kuliko hiyo. PostgreSQL kwa kawaida inaazima mpangilio wa herufi kutoka glibc, maktaba ya msingi ya Linux. glibc 2.28, mwaka 2018, ilibadilisha mpangilio. Tulihama Debian 9 kwenda 10, data haikuguswa hata baiti moja, lakini indeksi zilizopangwa kwa kanuni za zamani zikawa zinasomwa kwa kanuni mpya. Rekodi ipo, ukiitafuta haipo. Safu ya UNIQUE ikaruhusu pacha. Jaribio la kujua upande uliopo ni jepesi, kwenye en_US.UTF-8 panga mistari miwili, `1-1` na `11`. glibc ya zamani inatanguliza 11, mpya inatanguliza 1-1. Sisi tulipona kwa REINDEX (kujenga indeksi upya), usiku kucha, na chai ya tangawizi.

#22 Kijiti_Postgres
Hilo ni la Linux, si la Postgres. Na toleo 17 lina C.UTF-8 ya ndani isiyotegemea glibc.

#23 Mlinzi_wa_Indeksi
Usiku ule saa nane sikuwa na muda wa kuuliza ni la nani.

#24 BaitiMojaMoja
Tumrudie mleta uzi, aliuliza namna ya kupima. Mimi natengeneza jedwali la majaribio lenye mistari kama kumi. Neno lenye ' , neno lenye ’, é, ũ ya kipande kimoja (C5A9), ũ ya vipande viwili yaani u ya kawaida na kofia yake pembeni (75CC83), neno la Kiarabu lenye irabu, €, uso mmoja wa emoji, na bendera. Napenda bendera ya Tanzania kwa sababu ni herufi mbili zilizoshikana, T na Z za kibendera: CHAR_LENGTH ni 2, LENGTH ni 8. Ikirudi 2 na 8 uko sawa. Ikirudi imekuwa alama za kuuliza, umejua.

Halafu siingizi kwa mkono kwenye skrini nyeusi, hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Napitisha njia yote: naandika kwenye simu, iende kwa programu, iingie kanzidata, itolewe bakapu, irejeshwe kwenye seva nyingine, itolewe CSV. Nalinganisha HEX ya mwanzo na ya mwisho. Macho yasihusike, maana skrini nayo inaweza kukosea mara mbili ikakuonyesha sahihi.

#25 Wa_Thika
Hiyo ya bakapu nipigie mstari. mysqldump za 5.x kwa chaguo-msingi zinatumia utf8, ile ya baiti tatu. Tulikuwa tumeshabadilisha jedwali kuwa utf8mb4, tumesherehekea, emoji zinaonekana. Siku seva imekufa tunarejesha bakapu: kila emoji ni "?". Faili ilikuwa imeharibika kila usiku kwa miezi na hakuna aliyeifungua. Weka `--default-character-set=utf8mb4`.

#26 Jiwe_Moja
Kuna atakayekutana na hili: ukibadili jedwali kuwa utf8mb4 kwenye injini ya zamani unapewa "Specified key was too long; max key length is 767 bytes". VARCHAR(255) mara 3 ni 765, inaingia. Mara 4 ni 1020, haiingii. Ndiyo maana mnaona VARCHAR(191) zimejaa duniani, 191 mara 4 ni 764. WordPress walipohamia utf8mb4 mwaka 2015 walipita njia hiyo. Muundo wa safu wa DYNAMIC unafika 3072, kwa hiyo 5.7 iliyokaa vizuri haina shida hii.

#27 Bin_Seif_Maskat
Asalaam alaykum ndugu zangu. Mie nipo Maskat, naingiza karatasi za marehemu babu kwenye MariaDB (ndugu wa MySQL), Kiswahili cha herufi za Kiarabu, barua na tenzi. Nina mawili ya kuwahadithia.

La kwanza, tulikuwa wawili tunachapa. Mie kibodi ya Kiarabu, mwenzangu kibodi ya Kiurdu. Herufi ye yangu ni D98A, ye yake ni DB8C. Ikikaa mwanzo wa neno au katikati huwezi kuzitofautisha kwa macho, na mtu akitafuta anapata nusu. Kama ng'ombe wa Mkama, ila wangu wamejificha zaidi.

La pili limenitoa jasho. Nikajaribu MySQL 8 kwa kolesheni yake ya kawaida, utf8mb4_0900_ai_ci. Hiyo "ai" inapuuza viambatisho. Kwa Mfaransa ni sawa, é na e anataka zilingane. Lakini kwetu fatha na kasra ndizo irabu! Nikiandika kwa irabu fupi, بَبَ na بِبِ, naambiwa ni neno moja. Baba ni bibi. Nikahamia _as_cs, wakatengana.

#28 Hamisi_wa_Jikoni
Baba ni bibi. Nimefunga simu, nalala.

#29 Kazadi_Lushi
Jambo wote. Huku Lubumbashi majina ya Kifaransa ni mengi, Hélène, Thérèse, na latin1 iliyabeba miaka yote. Kwa hiyo wakubwa walikataa kubadilisha, "mbona inafanya kazi?" Ilikataa siku tulipoweka programu ya simu: Hélène akawa HÃ©lÃ¨ne upande mmoja tu. Wale wa kompyuta wanaona sawa, wa simu wanaona takataka, kila mtu anamwita mwenzake mwongo. Hiyo ndiyo alama ya muunganisho mbovu, Karani. Excel inaharibu kwa wote sawasawa.

#30 Karani_Mstaafu
Hoja nzuri hiyo, naipokea. Lakini sijaifuta Excel.

#31 Mchunga_Emoji
Bin Seif kanikumbusha. Wajapani wana msemo wao wa sushi na bia: kwenye utf8mb4_general_ci na utf8mb4_unicode_ci, emoji ya sushi na ya bia zinalingana, kwa sababu herufi zote zilizo juu ya baiti tatu zinapewa uzito mmoja. Nimejaribu ya nyumbani:

`SELECT '🐄' = '🐐' COLLATE utf8mb4_general_ci;`

Inarudisha 1. Ng'ombe ni mbuzi. Kwa 0900 inarudisha 0. Mkama, kama kuna safu ya aina ya mnyama kwa emoji, usiniambie.

#32 Mkama_Data
Sikuambii.

#33 Dada_Kibodi
Lakini jamani, nani alikaa akaamua baiti tatu? Kiwango chenyewe kinasema nne.

#34 Jiwe_Moja
Wakati ule kilisema sita! Hati ya kiwango, RFC 2279 ya 1998, iliruhusu hadi sita. Nne ilikuja na RFC 3629, Novemba 2003. MySQL 4.1 ilikuwa inapikwa 2002, na kwenye historia ya msimbo unaona kabisa Septemba 2002 sita inakuwa tatu. Mimi naamini ni mwendo: CHAR ilihifadhi nafasi ya ukubwa wa juu kabisa, CHAR(10) kwa sita ni baiti 60, kwa tatu ni 30. Nafasi ndogo, kasi kubwa.

#35 Nyundo
Au walidhani herufi zote za maana ziko ndani ya 65,536 za kwanza, na hizo zinatosha baiti tatu. Unicode 3.1 ilikuwa imeshavuka mpaka huo mwaka 2001, ila nani alijali? Emoji hazikuwepo kwenye Unicode.

#36 Kijiti_Postgres
Au uzembe.

#37 Jiwe_Moja
UTF-8 yenyewe Ken Thompson aliichora kwenye mkeka wa kuwekea sahani mgahawani New Jersey mwaka 1992, Rob Pike akiwa pembeni. Mlo mmoja wa jioni. Wengine wamechukua miaka kuisoma vibaya.

#38 Mkama_Data
Nimerudi na majibu. Nimepita kwenye variables_by_thread: programu inaunganika kwa latin1, Nyundo kashinda beti. Lakini nimeangalia tarehe pia, na sehemu kubwa ya ngâ€™ombe ni wa Ijumaa. Kwa hiyo Karani naye kashinda. Sijui nimlipe nani.

Programu ya simu ina SQLite ya kuhifadhia pale mtandao unapokosekana. Hiyo nayo nipime?

#39 BaitiMojaMoja
Pima. SQLite inahifadhi UTF-8 au UTF-16 lakini haikagui ulichompa, ukimpa takataka anakurudishia takataka ileile. Na upper() na LIKE zake, bila nyongeza ya ICU (maktaba ya Unicode), zinajua herufi kubwa na ndogo za ASCII tu. upper('ũ') inarudi ũ.

#40 Mlinzi_wa_Indeksi
Na kama bado unaiwaza MySQL 8, kolesheni za 0900 hazipuuzi nafasi ya mwishoni. Zamani 'Asha' na 'Asha ' walikuwa mtu mmoja. Sasa ni wawili. Pitia safu za majina kabla.

#41 Wa_Thika
Na kama ni Postgres, ile ũ ya vipande viwili haiwi sawa na ya kipande kimoja mpaka uzisawazishe. Tangu toleo 13 kuna normalize(), tumia NFC (umbo la kipande kimoja) wakati wa kuingiza.

#42 Nyundo
Kijembe cha mwisho kwa Kijiti, kwa upendo. Utafutaji wa maneno wa Postgres: `to_tsvector('simple', 'ng''ombe')` unakupa 'ng' na 'ombe'. Inamchinja pale kwenye alama. Na kamusi ya Kiswahili haimo kwenye zile inazokuja nazo.

#43 Kijiti_Postgres
... Nitaandika kichanganuzi changu.

#44 Dada_Kibodi
Kuna wanaosema tuache ' na ’ zote, tutumie U+02BC (ʼ), maana ile inahesabika kuwa herufi, si alama ya uandishi. ng' kwetu ni sauti moja, inastahili.

#45 Nyundo
Nionyeshe kibodi moja ya simu yenye hiyo herufi, nitaisajili kesho.

#46 Mkama_Data
Nimeamua muda mfupi: sql_mode kali imerudi, muunganisho ni utf8mb4, na kila ’ inageuzwa ' mlangoni kabla ya kuingia. MySQL 8 au Postgres bado sijachagua, mnanichanganya wote. Nimewatibu wa â€™ kwenye nakala, wametoka wazima. Nikahesabu tena kwa HEX nihakikishe zimebaki sura mbili tu.

Zimekuja tatu. Huyu mpya ni 6E67606F6D6265.

#47 BaitiMojaMoja
60 ni ile alama ya pembeni ya namba 1, chini ya Esc. ng`ombe. Huyo si wa simu wala Excel, huyo kaandikwa kwenye kompyuta ya mezani.

#48 Mkama_Data
Ofisini kompyuta ya mezani ni moja. Ya katibu.

#49 Hamisi_wa_Jikoni
Mkuu, zizi lina mlango wa nyuma.